Karatasi Namba Arobaini na Tatu

Jarida letu ni dogo, kurasa ishirini na nne tu, na hutoka pale linapojaliwa kutoka. Msomaji wa kazi zinazotumwa ni mimi peke yangu, tangu mwenzangu alipopata kazi ya maana. Mpiga chapa wetu, mama asiye na masihara, hukata majina ya waandishi kwa mkasi, akaandika namba kwa kalamu nyekundu, ndipo karatasi zinifikie. Hakuna kujuana. Anayekataliwa hurudishiwa karatasi yake ikiwa na mstari mmoja niliouandika kwa mkono, bila sahihi. Na mimi nina kiapo changu, ambacho nilikuwa nikijigamba nacho: kila kazi naisoma mpaka nukta ya mwisho.

Siku ile nilikuwa hoi. Nilifundisha asubuhi nzima, mchana nikakaa na bahasha: mashairi na hadithi za nusu ukurasa, sabini na kitu. Nusu ukurasa si kitu, utasema. Jaribu wewe. Riwaya mbaya utaizoea, lakini hadithi sabini ni watu sabini wanaokuvuta nguo. Mwezi ulikuwa umeng'aa kwenye mashairi kumi na moja. Wapenzi wanne walikuwa wameshafia mvuani. Na wake na mama wote ni nguzo! Namba arobaini na tatu ilianza hivi: "Mke wangu alikuwa nguzo ya nyumba." Macho yakanigomea. Nikaandika chini yake, "Hakuna jipya hapa," nikaitupa kwenye rundo la kurudishwa. Nikajiambia mara moja haiui mtu.

Wiki mbili baadaye baba akaja bila hata kupiga simu. Baba ni fundi cherehani, na tangu mama afariki anaishi peke yake. Alikuwa amevaa shati lake la kutokea. Aliacha mfuko wa nguo mlangoni, akaingia na bahasha mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Sijakukuta na kazi?"

"Hapana, karibu ukae."

Akakaa, akatoa karatasi, akaikunjua taratibu juu ya meza. Namba nyekundu. Mwandiko wangu.

"Baba, sikujua kama ni..."

"Ungejuaje? Si wanakata jina? Hiyo nimeipenda, ni haki. Lakini herufi hizi nilikufundisha mimi, kwa chaki, juu ya meza ya kukatia nguo. Hiyo 'hapa' yako bado ina mkia." Akacheka kidogo. "Sikuja kulalamika. Mimi mwenyewe nimeshawahi kurudishiwa suruali. Ila mteja huijaribu kwanza. Nauliza tu, mama: uliisoma mpaka mwisho?"

Ningesema ndiyo, angeniamini. Angerudi kwake akijua kwamba binti yake aliisoma yote na hakuona kitu.

"Hapana, baba. Nilisoma mstari mmoja. Nilikuwa nimechoka."

"Afadhali," akasema, akashusha pumzi. Akanisogezea karatasi. "Basi soma. Mimi nipe maji tu."

Mstari wa kwanza ulikuwa mbovu vilevile. Kisha mke, akiwa amelazwa, anaagiza gauni la kuvaa siku atakayotoka hospitali. Kila Jumapili fundi anampima kitandani, na kila Jumapili anarudi nyumbani kulibana, kwapani na kiunoni. Hakati kitambaa, anakikunja kwa ndani, ili mkewe akinenepa tena aachie. Anamwambia ni yeye aliyekosea vipimo. Mke anamwita fundi uchwara, wanacheka wote wawili. Sikuwa najua hata moja ya hayo. Jumapili zile nilikuwa na bahasha zangu.

Nikafika mstari wa mwisho: "Alipofariki nililifumua lote, nikalishona upya kwa vipimo vya binti yetu, lakini ana kazi nyingi, sijapata siku ya kumwita aje alijaribu."

Nililia, wala sikujificha. Baba aliyanywa maji yake yote, akaiweka bilauri chini.

"Liko wapi, baba?"

"Pale mlangoni, kwenye mfuko," akasema. "Nilitaka nione kwanza kama hujachoka."