Bei ya Landrova

Manyanda alikuwa amekaa ndani ya Pijo ya bluu na hakuonyesha dalili yoyote ya kutoka. Alishika usukani kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayepokea bakuli la uji wa moto. Redio ya gari ilikuwa inapiga muziki wa dansi. Nje, mbele ya duka la Telesphor, mke wake Minza aliinama akawa anatazama tumbo la gari.

"Mama Ngusa, ingia uone viti," Manyanda alimwita. "Laini kabisa."

"Nimeviona."

Aliinama zaidi mpaka kitenge kikagusa vumbi. Kati ya ardhi na chuma cha chini palikuwa na nafasi ya shubiri moja, labda na vidole viwili. Minza alikifikiria kijito kinachokata njia ya kwenda kwao Ilembo, akaliona gari hili la bluu limekaa katikati ya tope kama bata.

Masika iliyopita uchungu ulimshika mvua ikinyesha. Manyanda alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni wakaondoka kwenda hospitali, lakini mtoto hakungoja. Alizaliwa pale kijitoni, maji yakigonga magurudumu, na maksai wawili wamesimama kimya kana kwamba wameombwa. Wakamwita Kabula, kwa sababu ya mvua. Mtoto alikuwa mzima, ananyonya na kupiga mateke. Mama yake ndiye aliyefika hospitali akiwa hajitambui. Aliporudi nyumbani alisema jambo moja tu: wanunue gari. Hakulirudia. Ila kila Manyanda alipouza ng'ombe mnadani, Minza alimtazama tu, na Manyanda alijua fedha zile ziende wapi.

Telesphor, mwenye duka, alitoka akifuta mikono. Alikuwa mtu mnene mwenye cheko la karibu.

"Mama, sitakudanganya," alisema. "Hili ni gari la lami. Mvua zikianza utaliegesha hapa kwangu, nikuuzie soda ukilitazama."

"Sasa baba, mbona unaliharibia soko gari lako?"

"Nitampata wa kulinunua. Wewe nenda Misunkumilo, kwa mzee Leodgar. Ana Landrova. Goti lake limekataa klachi, sasa gari limekaa tu. Ila mzee yule ana maneno."

Manyanda alizima redio. Alitoka garini kwa huzuni, akaufunga mlango taratibu, akaufungua, akaufunga tena kusikia unavyolia.

Njia nzima hakusema mengi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyekuja Katavi kutoka Maswa na ng'ombe wa baba yake, akaoa, akajenga, akaanza kuwalimia watu mashamba kwa plau. Au ndivyo watu walivyosema, kwamba Manyanda analima. Ukweli ni kwamba Manyanda alishika plau na Minza aliongoza ng'ombe. Yeye ndiye aliyetangulia mbele ya Magembe na Bulaya, maksai wao wawili, akiwaita kwa sauti ya chini, na mstari ukanyooka au ukapinda kufuatana na miguu yake.

Nyumba ya mzee Leodgar ilikuwa mwisho wa makazi, pale majaruba ya mpunga yanapoanzia. Landrova ilikuwa chini ya banda la nyasi. Ilikuwa ya kijani zamani. Mkewe mzee, Mama Eufrazia, alikuwa anapepeta mchele uani. Aliwakaribisha, akawapa vigoda na maji ya kunywa, akamwita mumewe, na kabla hajafika akawaonya: "Kiti cha nyuma kina kuku anaatamia. Msimshtue."

Mzee Leodgar alitoka akichechemea, rozari shingoni, amevaa koti ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa Mpimbwe, mwenyeji wa nchi hiyo, mkulima wa mpunga tangu utoto. Gari hilo lilikuwa limebeba magunia yake, maharusi wa watu, wagonjwa, na majeneza.

"Lizungukeni," alisema. "Likiwapendeza tutaongea."

Walilizunguka. Manyanda alipiga teke tairi kwa sababu aliwahi kuona watu wakifanya hivyo. Minza alipima kwa mkono nafasi ya chini, mkono ukaingia mpaka kiwiko. Alifungua mlango wa nyuma. Kuku mwekundu alimtazama kwa jicho moja, hakusogea. Pembeni mwa kuku palikuwa na nafasi ya watoto wote, na ya mtu kulala.

Betri ilikuwa imekufa, kwa hiyo mzee alimpa Manyanda hendeli ya kuzungushia injini. Mara ya kwanza injini ilikohoa. Mara ya pili ilimrudishia hendeli nusura imvunje mkono. Mara ya tatu ikanguruma, banda likajaa moshi, na kuku akatoka dirishani akipiga kelele za kulaani. Mama Eufrazia aliweka ungo chini.

"Nilisema nini?"

Alikwenda kuyatoa mayai moja moja, akayalaza kwenye kikapu chenye majani, akimsema mumewe na gari lake ambalo limegeuka banda la kuku. Mzee hakusikia. Alikuwa ameinamisha kichwa anaisikiliza injini, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa jina na rafiki wa zamani.

Waliizima wakakaa.

"Milioni moja na nusu," mzee alisema.

"Laki tisa, mzee wangu," Manyanda alijibu.

Mzee alicheka bila kufungua mdomo. "Nyie ni wa wapi?"

"Ilembo."

"Na kabla ya Ilembo?"

"Maswa."

Mzee alichukua kijiti akawa anachora chini. "Mwaka juzi watu wa huko kwenu walipita hapa na ng'ombe. Walilala kwenye mpunga wangu. Asubuhi nimeamka, hakuna mtu, hakuna mpunga. Waliondoka usiku uleule."

"Sio mimi, mzee."

"Sijasema ni wewe."

"Lakini unaniangalia mimi."

Minza aliona shingo ya mumewe imekaza. Alijua kinachofuata: Manyanda angeinuka, angeaga vizuri sana, na wasingerudi tena hapa.

"Pole, baba," alisema Minza. "Mpunga ukishakanyagwa hauinuki."

Mzee alimgeukia kama vile ndiyo kwanza amemwona. Kisha akasema, "Nasikia huko Ilembo kuna maksai wawili wanaolima bila kuchapwa, bila shaka ni wenu. Nipeni hao pamoja na hiyo laki tisa yenu, mchukue gari leo."

Manyanda alimtazama mkewe. Minza aliliona jaribu machoni pake: gari, leo, mbele ya majirani. "Tunaweza kufundisha wengine," Manyanda alisema kwa sauti ya chini.

"Hao hapana," Minza alisema. "Gari linakunywa mafuta, baba Ngusa. Mafuta yanatoka kwenye plau. Ukimtoa Magembe, gari tutalisukuma."

Mama Eufrazia alicheka kule kwenye mayai yake. Wanaume hawakucheka. Minza aliinuka akauliza kama anaweza kuliona hilo shamba.

Mzee aliona ni ajabu lakini alimwongoza, akiegemea fimbo. Majaruba yalikuwa makavu, na tangu ng'ombe wale wayakanyage, yalikuwa magumu kama sakafu. Jembe la mkono lilikuwa linakwaruza juu tu. Vibarua walikuja siku moja, siku ya pili hawakuonekana. Minza alipiga magoti akajaribu kulivunja bonge la udongo kwa vidole. Likakataa. Akalitemea mate, akaliminya tena, likafunguka ndani jeusi, na harufu yake ikamfikia puani. Hii ardhi haijafa, aliwaza. Imefungwa tu.

"Baba," alisema akiwa bado chini, "mvua ya kwanza ikilainisha hapa, sisi tutakuja na plau. Tutakulimia majaruba yote, mwaka huu na mwaka kesho. Hilo liingie kwenye bei. Maksai wabaki kwetu, laki tisa ichukue."

"Na nitajuaje kwamba mtakuja? Wale waliondoka usiku."

Minza alikung'uta magoti. Hakuwa amelipanga jambo alilolisema, lilitoka lenyewe. "Gari libaki kwako mpaka shamba liishe kulimwa mwaka huu. Fedha tunakuachia leo."

Manyanda, aliyekuwa amefika nyuma yao, alivuta pumzi kwa nguvu. Alifungua mdomo. Minza alimsubiri. Miaka yote waliyolima pamoja, yeye akiwa mbele na mumewe nyuma, hawakuwahi kuonana nyuso wakati wa kugeuza mwisho wa shamba. Yeye aligeuza ng'ombe, na plau ikamfuata. Sasa alikuwa anamtazama usoni, na kwa mara ya kwanza siku ile aliogopa.

Manyanda alifunga mdomo. Aliingiza mkono chini ya shati akaitoa bahasha ya khaki iliyoloa jasho, akamnyooshea mzee kwa mikono miwili.

Mzee Leodgar hakuipokea. Alitazama bahasha, akatazama majaruba, akaigeuza fimbo mkononi.

"Hapana," alisema mwishowe. "Nenda nazo nyumbani. Mtaleta siku ya kuchukua gari."

"Mzee..."

"Nimesema nenda nazo. Mnataka mke wangu anicheke mpaka Krismasi?"

Mvua ya kwanza ilinyesha Novemba, usiku mzima, na asubuhi Minza alikuwa tayari amefunga nira. Walifika Misunkumilo na tope la magotini. Mzee alikuwa amesimama mlangoni na koti lake. Alivua kofia. Siku ya kwanza plau iliruka juu ya udongo mgumu, Manyanda akatukana kwa Kisukuma. Siku ya pili ilizama. Minza alitangulia mbele ya ng'ombe, kitenge amekifunga juu, akiwaita kwa ile sauti ya chini, na nyuma yake ardhi ikawa inageuka mistari mirefu yenye kung'aa. Mama Eufrazia alimbeba Kabula mgongoni akapeleka uji ukingoni. Kazi ilichukua karibu mwezi, kwa sababu jioni walikuwa na jambo jingine.

Jioni mzee alifundisha gari. Ndivyo alivyotaka mwenyewe. Alisema hawezi kumpa mtu Landrova kama anayempa mtu mbuzi. Alimkalisha Manyanda kwenye usukani, yeye akakaa pembeni na goti lake bovu amelinyoosha. Manyanda alijitahidi. Lakini gari lilipotaka kwenda kasi alisema "Oho, oho," kama anayetuliza ng'ombe, akauvuta usukani kifuani, na gari halikuelewa. Waliingia kwenye mihogo ya jirani. Siku nyingine waliingia kwenye choo, ambacho kwa bahati kilikuwa kipya na hakijaanza kutumika.

"Mwache mama ajaribu," mzee alisema siku ile, akijipangusa vumbi.

Minza alikaa. Alivua ndala, akaweka miguu mitupu juu ya pedali. Hakuondoka mara moja. Alisubiri mpaka akaisikia injini vizuri, kisha akaachia klachi kidogo kidogo, na Landrova ikaenda mbele bila kuruka, ikafuata ukingo wa shamba mpaka mwisho, ikageuka.

Mzee alikuwa amefumba macho. "Gia ya pili sasa," alisema. Baadaye, bila kufumbua: "Ya tatu, ukisikia inalalamika."

Manyanda alisimama kando ya choo kilichobomoka akiwatazama. Watu watasema, aliwaza. Mke anaendesha, mume amekaa pembeni. Halafu akacheka peke yake, kwa sababu aliona kwamba watu wamekuwa wakiliona jambo hilo miaka yote, shambani, na hawakuwahi kusema kitu.

Siku shamba lilipokwisha, bahasha ilifunguliwa mezani kwa mzee, chai ikanywewa, sala ikasaliwa, na mambo yakaisha bila mtu kuongeza wala kupunguza. Minza angekwenda kuomba leseni Jumatatu. Jioni hii ilikuwa njia ya shambani tu, kujaribu. Watoto walipanda nyuma. Manyanda alizungusha hendeli mpaka injini ikawaka, akapanda mbele, akashusha kioo, akatoa kiwiko nje.

Minza alikanyaga klachi. Kabla hajaingiza gia, mlango wa nyuma ulifunguliwa. Mama Eufrazia aliingia akiwa amevaa kanga mpya na viatu vya kanisani, akawasogeza watoto, akampakata Kabula.

"Mama, unakwenda wapi?" mumewe alimuuliza kutoka barazani.

"Sijui," alisema. "Minza, twende."

Wakaondoka polepole kati ya majaruba yaliyolimwa. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa mjini na upepo ulileta harufu ya mvua ambayo bado haijafika. Minza aliisikia injini inaanza kulalamika. Aliingiza gia ya tatu.