Sikio Katika Ukuta wa Sebule

Kabla ya kuchimba ukuta, fundi umeme Tahiru wa mtaa wa Oli humwagia maji kwanza mahali alipochora kwa penseli, ili vumbi lisimwingie puani. Ndivyo alivyofanya pia katika mji wa Koboko, asubuhi moja ya mwaka 1991, sebuleni kwa bwana mmoja aitwaye Enoch. Alimwaga kikombe cha maji, ukuta ukanywa. Akamwaga kingine, ukanywa, na safari hii akasikia koo likimeza. Matofali ya kuchoma yana kiu, hilo alilijua, lakini haya yalizidi. Aliongeza maji, akasubiri ukuta utosheke, ndipo akashika tindo na nyundo.

Enoch alikuwa amenunua jenereta. Wenzake wachache wenye taa walipigilia nyaya juu ya ukuta, mambo yakaisha. Yeye alitaka kila boksi la chuma la swichi lichimbiwe shimo lake, nyaya zifichwe ndani ya plasta, na swichi zote zikae kimo kimoja. Hilo la kimo alilirudia mpaka likachosha.

Nyumba haikuwa yake. Koboko nzima walijua, na Koboko nzima walinyamaza. Enoch alikuja nyuma ya malori ya jeshi mwaka 1980, wenyeji wakikimbilia Sudan na Zaire, akajichagulia nyumba aliyoipenda. Serikali ilibadilika, yeye hakubadilika. Uani kwake walikaa vijana wenye bunduki, kazi yao kunywa chai. Mwenye nyumba, mama mmoja aitwaye Sadiya, alirudi kutoka Yei, kule Sudan, akapanga chumba ng'ambo ya barabara. Kutwa alisuka mikeka barazani, macho kwenye mlango wake mwenyewe. Alipokwenda kudai nyumba, Enoch alimwambia alete shahidi.

Tahiru alichimba. Tofali lilipotoka, nyuma yake kulikuwa na sikio.

"Mzee, hapa iko sikio."

Enoch aliinuka kitini, akaja kutazama. "Ya mutu?"

"Ya mutu."

"Basi sogeza boksi kidogo. Lakini kimo ileile."

Tahiru alisogea kushoto, akakuta bega lililovaa shati la jeshi la zamani. Akasogea kulia, akakuta mdomo. Ulikuwa mkavu, na ndevu zake zilikuwa nyeupe kwa uzee na kwa chokaa.

"Sadiya," mdomo uliuliza, "wameenda?"

"Sadiya nani?" Tahiru alimuuliza Enoch.

"Ule mama ya mikeka," Enoch alisema, akaonyesha kwa kidevu. "Ita yeye. Tusipoteze siku."

Sadiya alivua viatu mlangoni kama mgeni. Hakushangaa, maana yeye ndiye aliyempitishia mumewe Yakani matofali, siku zile askari walipomtafuta kila aliyewahi kuvaa magwanda ya serikali iliyoanguka. Yakani alijijengea ukuta wa pili kutoka ndani, Sadiya akaupiga plasta upande wa nje. Walipatana kwamba hatatoka mpaka mkewe mwenyewe amwambie wameenda. Jioni hiyohiyo risasi zililia, na watu waliokuwa wakikimbia waliwazoa Sadiya na watoto mpaka mpakani. Yakani alikuwa askari, na kwake amri ni amri. Alikaa.

Sadiya alipiga magoti mbele ya shimo. Alilia, wala hakujificha.

"Yakani, mimi hii."

"Watoto iko?"

"Iko. Kiden sasa ameolewa."

"Vizuri. Wameenda?"

Shahidi wake ndiye huyu. Neno moja tu, na Yakani angesukuma matofali kwa bega, atoke, aseme mbele za watu nyumba hii ni ya nani. Sadiya alilitamani neno hilo, akageuka kutazama nyuma. Enoch alikuwa amerudi kitini, mguu juu ya mguu. Dirishani, vijana wa uani waliweka vikombe chini. Mmoja alikuwa ameshapakata bunduki, anaifuta taratibu kwa kitambaa, huku akimtazama Sadiya bila chuki yoyote.

"Bado," Sadiya alisema.

"Bado?"

"Bado, baba ya Kiden. Wao iko hapahapa. Wanakunywa chai."

"Basi ziba," mdomo ulisema kwa sauti ya chini. "Na wewe toka haraka."

Enoch aliyasikia yote. Aliuliza kama saruji itakauka kabla ya jioni. Tahiru alimjibu kwamba itakauka. Aliona aibu sana, aibu ya kumchoma uso, lakini alichanganya saruji. Aliziba sikio, akaziba bega. Boksi aliliweka kwenye shimo la mdomo, kwa kuwa ndilo lililolingana na mengine. Sadiya alimwomba aache wazi kitundu kimoja nyuma ya boksi, na hilo alilifanya, akapindia nyaya kando zisimguse mtu.

Jioni jenereta iliwashwa, taa zikawaka zote. Swichi ile ya sebuleni ina mlio mkavu, wa bunduki inayokokiwa, na Enoch anaupenda. Akipata wageni huwasha na kuzima, huwasha na kuzima, wageni wakisifu. Kila ikilia, ukuta hubana pumzi. Ng'ambo ya barabara Sadiya naye huacha kusuka, akabana yake, mpaka Enoch achoke kuchezea taa.