Nimetumwa

Chiriku alikuwa bado hajaanza kung'oka meno ya utoto alipomuuliza mama yake swali lililomwacha na kitana hewani.

Mama yake alikuwa msusi. Sebule ndiyo ilikuwa ofisi yake, na asubuhi hiyo alikuwa amebana kichwa cha mteja katikati ya magoti, nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama kimeona jini. Uzi ukamwishia. Akachungulia dirishani, akamwita mtoto wa jirani, akamtuma dukani. Mtoto mwenyewe alikuwa mdogo kuliko Chiriku, kamasi bado zinamshinda.

Chiriku alikuwa ameketi mkekani anamsuka mdoli wake. Akamsindikiza mwenzake kwa macho mpaka akapotea, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida tu, bila kilio wala kisirani:

"Mama, mbona mimi hunitumi?"

Kitana cha msusi kikabaki hewani. Mteja naye ghafla akawa na shughuli kubwa ya kutafuta kitu kwenye pochi.

Chiriku alizaliwa miguu imejikunja, myembamba, na mkono wake wa kushoto ulikuwa ngumi isiyofunguka vizuri. Madaktari walinyoosha walichoweza kunyoosha, wakafunga plasta, wakafungua, wakafunga tena, hatimaye wakasema bila kuzunguka kwamba mtoto huyu hatasimama. Kiti cha magurudumu alipewa, tena kizuri, ila kichochoro chao kilikuwa mchanga mtupu na magurudumu yalizama kila yakiguswa. Kiti kikaishia uani, kikawa kamba ya pili ya kuanikia nguo. Kilichomsalia mtoto ni mdomo, na mdomo huo ulichukua zamu ya viungo vyote. Ndiyo maana jina lake la kuzaliwa lilisahaulika, akawa Chiriku.

Kwa hiyo alibebwa. Mbebaji mkuu alikuwa bibi yake mzaa baba, ambaye ndiye mwenye nyumba. Hakuna aliyeweza kusema kwamba Bibi hampendi mjukuu wake. Alimbeba mpaka mgongo ukaanza kumlalamikia. Lakini alimpenda ndani ya kuta. Wakija wageni wa karibu, alimfunika miguu kwa shuka hata kama joto linaunguza. Wakija wageni wa mbali, Chiriku alihamishiwa chumba cha nyuma pamoja na mdoli wake na onyo la kutulia. Bibi alisema hamfichi, anamsitiri. Msusi alilimeza neno hilo miaka yote. Nyumba si yake, mume ni dereva wa lori anayeonekana kama mwezi mwandamo, na yeye mwenyewe, akijisema kweli, alikuwa ameshachoka na macho ya watu. Kusitiriwa kulimpa nafasi ya kupumua.

Sasa swali la mtoto likamfuata siku nzima. Akafikiri: mtoto anayetumwa ni mtoto anayeaminiwa. Mtoto asiyetumwa ni mgeni kwao.

Ndani ya nyumba Chiriku hakuwa mtu wa kusubiri. Alikuwa na mwendo wake wa kusota: anakaa kitako, anauegemeza mwili kwenye mkono wa kulia, anajivuta, miguu inafuata nyuma kama watoto wanaoburutwa sokoni. Kutoka sebuleni hadi jikoni alikuwa anafika kabla hujamaliza kumwita. Ila kizingiti cha mlango wa mbele kilikuwa mwisho wa dunia. Bibi alikuwa amekipiga marufuku.

Msusi akakata suruali ya zamani ya mumewe, akaishona upya ikawa ya mtoto, akaiwekea viraka vizito kitakoni. Kila jioni, Bibi akiwa amekwenda kumjulia hali shoga yake, mama na mtoto walitoka barazani. Baadaye wakashuka mchangani. Baadaye wakafika kwenye nguzo ya umeme, Chiriku akitweta huku anaongea, maana hata pumzi ikimpungukia maneno hayakumpungukia. Mchanga ulikuwa moto, kokoto zilimchubua kiganja, na siku moja alilia kweli. Msusi alichuchumaa mbele yake, mikono akaifumbata kwapani ili isije ikamsaliti. Alimwambia apumzike kwanza, kisha achague: mbele au nyuma. Chiriku akajifuta pua kwa bega, akaenda mbele.

Siku ya kumtuma ilipofika, msusi alimning'inizia kijifuko shingoni, akamwambia akalete uzi mweusi na kiberiti, asizubae njiani. Maneno yaleyale anayoambiwa kila mtoto. Kisha akarudi kwenye kichwa cha mteja wake na kuanza kusuka mistari iliyopinda.

Haukupita muda, kivuli kikaziba mlango. Alikuwa muuza mkaa wa pale kwenye kona, mwanamke mkubwa mwenye roho nzuri, amemkumbatia Chiriku kifuani, na Chiriku amejikunja kama paka anayeogeshwa, uso umevimba kwa hasira.

"Mama Chiriku, mtoto amekutoroka," akasema muuza mkaa. "Nimemkuta barabarani anaburuzika kwenye vumbi. Kama si mimi, angekanyagwa."

"Hakutoroka," akasema msusi. "Nimemtuma."

Muuza mkaa akatazama miguu ile, akamtazama mama yake, akasubiri aambiwe kuwa ni utani.

"Ahsante kwa wema wako, dada yangu," msusi akaendelea. "Sasa naomba umrudishe pale ulipomtoa."

"Nimrudishe chini?"

"Palepale. Alikuwa ameshafika mbali, usimrudishe nyuma."

Chiriku akadakia, "Kwenye gogo, siyo kwenye ndoo. Nilikuwa nimeshapita ndoo."

Muuza mkaa alimrudisha, lakini alimrudisha pamoja na habari. Kabla jua halijageuka mtaa mzima ulikuwa umeshajua kwamba msusi amerukwa na akili, anamtoa mtoto mlemavu akasote mavumbini huku yeye amekaa kivulini. Uzi ulifika, na kiberiti kilifika, ila hakuna aliyelizungumzia hilo. Bibi alizipata habari zile kwa shoga yake. Alirudi, akampita mkwewe bila salamu, akamchukua mjukuu, akamuosha, akampaka mafuta yale malengelenge ya kiganja, na mlango wa chumba chake akaufunga.

Simu zikapigwa. Dereva wa lori akaambiwa arudi nyumbani akazime moto. Wifi, dada yake mkubwa dereva, akaja na uso wa msibani. Wakakaa sebuleni, chini ya kioo cha wateja, hivyo kila aliyesema alijiona akisema.

Wifi ndiye aliyefungua. Alizungumza vizuri, kwa mpangilio, kama mtu aliyefanya mazoezi njiani. Alisema amesikia kuna mahali, mbali kidogo, wanakolelewa watoto wa aina hiyo, wana vitanda vyao na wasaidizi wao, na mtoto atakuwa na wenzake. Alisema hakuna wa kulaumiwa, msusi amechoka tu, na mtu akichoka hufanya mambo ya ajabu. Mwishowe akafika alikokuwa anaelekea tangu mwanzo: watu wanasema. Wanasema mtoto wao anatambaa barabarani kama hana wenyewe.

"Ana wenyewe, wifi, ndiyo maana ametumwa," akajibu msusi. "Asiye na wenyewe anatumwa na nani?"

Bibi alikuwa amekaa na lile shuka mapajani. Sasa akasema polepole, na upole huo ndio uliotisha.

"Mimi nimembeba mtoto huyu tangu siku ya kwanza. Watu hawajawahi kumcheka, kwa sababu sikuwapa nafasi. Katika nyumba yangu hatasota tena mbele za watu. Kama hilo linakushinda, mama, mlango unaujua."

Msusi alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mama, sijawahi kukujibu, na leo sikujibu kwa dharau," akasema. "Umembeba, nami nimembeba. Mgongo wako umeshachoka, wangu utachoka kesho. Sisi tukishaondoka atabebwa na nani? Tena nikwambie ninachokiogopa. Si kuchekwa. Mtoto huyu haionei aibu miguu yake. Akija kuionea, atakuwa amefundishwa humu ndani, na mimi simfundishi. Kama ni kuhama, tutahama. Na huko tutakakohamia nako kutakuwa na duka."

Wifi akajitazama kwenye kioo, akageuka upande mwingine.

Dereva alikuwa mtu wa maneno machache, na kweli moja alikuwa hajawahi kumwambia mtu: kila alipombeba bintiye nje, alipita njia za nyuma. Akainua kichwa, akamuuliza Chiriku, aliyekuwa mkekani na mdoli wake, aliona nini huko barabarani.

Hapo ndipo kikao kilipovunjika, maana Chiriku hakuulizwa mara mbili. Akaeleza kwamba chini ya meza ya muuza mkaa kuna paka amezaa, na hakuna anayejua isipokuwa yeye, kwa sababu wakubwa wanapita juu. Akaeleza kwamba fundi viatu anaimba, ila nyimbo zake hazina mwisho. Akaeleza kuhusu gogo, kuhusu ndoo, kuhusu mbwa aliyemnusa usoni na yeye akamnusa pia. Akaeleza kwamba mwenye duka hakumwona, akawa anauliza ni nani anayegonga, mpaka akainama juu ya meza wakatazamana. Dereva alianza kutabasamu kwenye paka. Kwenye mbwa akawa anacheka waziwazi, mkono usoni, na kicheko kikamtoa machozi ambayo huenda hayakuwa ya kicheko.

Alipotulia, akamgeuza mtoto, akakagua kitako cha suruali.

"Kiraka hiki hakifai," akamwambia mkewe. "Kimeshatoboka. Kwenye lori nina mpira wa ndani wa tairi. Nitakata."

Akatoka kwenda kuufuata. Huo ndio uliokuwa uamuzi wake, na wote waliuelewa. Wifi akaaga bila kunywa chai. Bibi akasimama, akakunja shuka lake vizuri pembe kwa pembe, akaingia chumbani. Hakuwafukuza. Lakini tangu siku hiyo alikula peke yake, na salamu ya mkwewe aliijibu kwa kuguna.

Chiriku akaendelea kutumwa. Mpira wa tairi uliteleza vizuri zaidi mchangani, na malengelenge yakawa sugu. Baadhi ya watu walizoea, baadhi walisonya. Msusi alitia pamba masikioni, akasuka.

Asubuhi moja alikuwa mlangoni anakung'uta vitana, macho yakimfuata binti yake aliyekuwa ameshalipita duka la vyombo. Akamwona Bibi. Bibi alikuwa ameaga kwamba anakwenda kwa shoga yake, lakini shoga yake alikuwa upande wa pili kabisa. Alikuwa anatembea nyuma ya mjukuu, kwa mbali, akisimama mtoto akisimama, amejifanya anatazama mabati ya watu.

Akatokea bwana mmoja, mpita njia, shati limepigwa pasi. Alipomfikia Chiriku akapunguza mwendo, akaingiza mkono mfukoni, akamdondoshea sarafu mapajani bila hata kumtazama usoni.

Chiriku akaiokota, akaigeuza, akamwita. "Baba, umeangusha hela yako."

Yule bwana akasema sasa ni ya mtoto, akanunue mkate.

"Mimi sijaomba," akasema Chiriku, anashangaa kweli. "Nimetumwa."

Bwana akamtabasamia, ule upole wa kumtabasamia mtu asiyejua anachosema, akaendelea na safari. Hakwenda mbali. Bibi alishamfikia, mgongo wake mbovu na yote, amemzibia njia. Msusi alikimbia, lakini alipofika maneno yalikuwa yameshaisha nusu.

"Chukua hela yako," Bibi alikuwa anasema. "Huyu si ombaomba. Huyu ni mjukuu wangu, amekwenda dukani, ametumwa na mama yake. Wewe ukiwa mdogo ulikuwa hutumwi?"

Bwana akajitetea kwamba hakuwa na nia mbaya. Bibi akamwambia nia abaki nayo, sarafu aichukue. Aliichukua. Fundi viatu alikuwa ameacha kuimba. Muuza mkaa alikuwa amesimama na koleo mkononi. Na pale mbele za watu wote, miguu ikiwa haijafunikwa shuka, Chiriku akakumbusha kwamba duka linaweza kufungwa, akajivuta akaenda zake.

Bibi alirudi nyumbani na mkwewe. Barazani akasema kwamba ule mpira umeshonwa vibaya, uzi unaonekana, akataka sindano aushone yeye. Hakusema zaidi ya hapo, si siku hiyo wala baadaye, na msusi hakumdai. Lakini Bibi alianza kutuma na yeye. Alituma dawa ya mgongo, alituma chumvi, alituma salamu kwa shoga yake, na aliyetumwa akichelewa Bibi alilalamika kwa sauti ya kusikika mtaa mzima kwamba mtoto huyu hana adabu, akitumwa hakosi kupiga soga.

Mtaa nao ukapata lalamiko jipya. Hawakusema tena kwamba mtoto wa msusi anaonewa. Walisema ana mdomo. Jioni moja muuza mkaa alikuja amekunja uso, akashtaki kwamba Chiriku amewatangazia wateja kuwa mkaa wake wa chini umelowa, na kwamba yeye huupanga mkavu juu. Msusi akamwita binti yake, akamuuliza kama alisema. Alisema. Je, ni kweli? Ni kweli, aliuona, yeye hupita chini.

Msusi akabana midomo asicheke. Akamwambia kwamba kweli au si kweli, mtu mzima hasemwi mbele ya wateja wake, na kwamba muuza mkaa akishafika kwake, Chiriku amfuate akaombe radhi.

Chiriku alinuna mpaka mashavu yakajaa. Akasema amechoka, mkono unamuuma, njia ni ndefu. Akamnyooshea Bibi mikono abebwe. Bibi akageukia ukutani kama hakuona. Baba yake, aliyekuwa amerudi safari siku hiyo, akaingia chini ya gazeti.

Chiriku akatazama mlango, akashusha pumzi ndefu ya mtu mzima, akaanza kusota kwenda kuomba radhi, polepole kuliko siku zote, akiitafuta njiani namna ya kuiomba bila kumaanisha.