Anayetangulia Kipoyi

Estelle alikuwa na sauti, na hilo hata wale wasiompenda walilikubali, ingawa kwa shingo upande. Akianza kuimba katika kanisa la Nyamitaba, akina mama waliokuwa wakinong'onezana habari za maharage walinyamaza, na watoto waliokuwa wakivutana mashati waliachana. Tatizo ni kwamba Estelle mwenyewe alikuwa anajua. Alikuwa anajua sana.

Mchungaji Polycarpe naye alijua kwamba Estelle anajua, na ndiyo maana kila alipopata nafasi alihubiri habari ya kujikana nafsi huku jicho lake likiwa upande wa kwaya. Vijana wa siku hizi, alisema, wanajipiga picha hata mbele ya jeneza. Wanataka kujionyesha, wanataka kujitimiza, kana kwamba Mungu aliwaumba nusu akaenda kupumzika. Watu walicheka. Estelle hakucheka. Aliona mzee anamwonea kijicho, maana mzee mwenyewe akiimba hata mbuzi wa jirani walihama. Na tuseme kweli, mchungaji hakuwahi kumweleza sauti ile aifanyie kazi gani. Alimwambia tu kwamba ni ya Mungu, aipunguze.

Jean-Claude ndiye aliyemwambia aiongeze. Huyu alikuwa kijana wa Goma anayefanya kazi katika studio ya muziki. Aliona video ya Estelle kwenye simu ya mtu, akapanda pikipiki mpaka Nyamitaba kumtafuta. Patron wake, mwenye studio, alikuwa anatafuta mwimbaji mmoja wa kumrekodia albamu nzima, na Jean-Claude alikuwa ameahidi kumpelekea video ya kumshtua.

"Weye uko na kitu ndani, dada," alimwambia. "Lakini hii chorale inakufunika. Kila siku unaimba maneno ya batu bengine. Imba ya kwako! Mungu hakukuumba ukuwe copie ya muntu."

Maneno hayo yalimwingia Estelle kama chai ya moto siku ya baridi. Wiki hiyohiyo akatunga wimbo wake. Niko nang'aa, ulisema, Mungu ananing'arisha, nani atanizimisha? Mungu alikuwa ametajwa, kwa hiyo Estelle hakuona kasoro.

Kisha mvua ikanyesha mpaka mlima ukachoka. Barabara ya Kitshanga ikaporomoka, pikipiki zikakwama pande zote mbili, na Jean-Claude akakwama pamoja nazo. Ni katika hali hiyo Emérita, mke wa jirani wa akina Estelle, alipopatwa na uchungu wa kuzaa. Mtoto alikuwa amekingama tumboni. Muuguzi wa kituo cha afya alimpapasa tumbo, akanawa mikono, akasema bila kuzunguka kwamba mama huyu afike hospitali ya Kitshanga leo hii apasuliwe, la sivyo watazika wawili.

Kilichobaki kilikuwa kipoyi. Hiyo ni machela ya mianzi miwili na blanketi, inayokaa juu ya mabega ya watu wanne, na wengine wanafuata nyuma ili kupokezana. Zamani ilikuwa kazi ya wanaume. Vita vilipowatawanya wanaume, wanawake wa Nyamitaba waliinua mianzi wenyewe na hawakumwomba mtu ruhusa. Mkuu wao alikuwa Mukasine, mjane mwenye mabega mapana na mdomo usio na mlango.

Sasa, mtu aliye chini ya mwanzi haoni miguu yake. Anaona blanketi, na mgongo wa mwenzake, basi. Kwa hiyo kipoyi hutanguliwa na mwimbaji, na mwimbaji huyo anaimba njia. Akiona jiwe anaimba jiwe, na anasema liko upande gani. Akiona maji anaimba maji. Wabebaji wanaitikia neno lilelile, na wakati wanaitikia, mguu unakwenda panapotakiwa. Tuni yenyewe ni nyepesi mpaka inachosha. Vikongwe wenye sauti za kukwaruza wameiimba miaka mingi na hakuna aliyewapigia makofi.

Kikongwe aliyezoea kutangulia alikuwa amekwisha kuhamia kambi ya wakimbizi wa vita Kitshanga. Mukasine akamtazama Estelle juu mpaka chini.

"Uko na koo ya nguvu. Tangulia," alisema. "Imba njia tu. Usituletee mingine."

Wakaondoka asubuhi, ukungu ukiwa bado umekalia migomba. Juu ya blanketi Emérita alikuwa ameuma kipande cha kitenge, hapigi kelele, anahema tu. Estelle aliimba vizuri. Jiwe kuume! Kuume, wakaitikia. Shimo kushoto! Kushoto. Walishuka kilima cha kwanza bila shida, na Mukasine akaguna kwa namna yake ya kusifu.

Jean-Claude alikuwa anakimbia pembeni na simu yake mkononi, viatu vyake vyeupe vikiwa vimekwisha kuwa vya rangi nyingine. Alimfikia Estelle, uso wote unawaka kwa furaha.

"Dada, hii njo yenyewe! Mulima, ukungu, bamama banabeba muntu, na weye mbele. Patron akiona hii, atalia. Lakini jiwe, shimo, jiwe, shimo, nani atasikiliza ile? Weka wimbo yako. Kidogo tu. Angalia huku."

Estelle alisita. Aliangalia nyuma. Wanawake walikuwa wanakwenda sawasawa, njia mbele ilikuwa imenyooka, na ile simu ilikuwa inamtazama. Akajiambia ubeti mmoja hautamuua mtu. Akageuza uso kwenye simu, akaanza.

Niko nang'aa!

Ah, aliimba. Haki ya Mungu, hata ndege walipaswa kumpisha. Sauti ilipanda ikazunguka bonde na kurudi kwake, na yeye akaifuata huko juu ilikokwenda. Nyuma yake wabebaji, waliozoea kuitikia, waliitikia: Nang'aa! Ubeti mmoja ukawa beti mbili. Njia ikaacha kunyooka, ikashuka kwenye kijito chenye mawe ya utelezi, na Estelle alikuwa anaitazama simu.

Hakuimba maji.

Mukasine, aliyekuwa mbele upande wa kushoto, alikanyaga jiwe lenye ukoga huku mdomo wake ukiwa bado unasema nang'aa. Kifundo cha mguu kikapinda. Alianguka kwa goti, mwanzi ukamtoka begani, kipoyi kikalala upande, na Emérita akabingirika kutoka kwenye blanketi mpaka majini. Alitanguliza mkono ili aokoe tumbo. Watu wote waliusikia mfupa.

Ndipo Emérita alipopiga kelele, na ilikuwa kelele ambayo Estelle angeisikia tena hata asipotaka.

Walimwinua, wakamfunga mkono kwa kitenge na kipande cha mwanzi, wakamlaza upya. Mtoto bado alikuwa anacheza tumboni, walipapasa kisigino chake kidogo kikisukuma, wakamshukuru Mungu. Lakini Mukasine hakuweza kusimama. Estelle alikuwa amekwisha kulia mpaka kamasi, na sasa akaja mbio, akainama kushika mwanzi wa Mukasine.

"Nitabeba mimi, Mama. Mimi siimbi tena. Siimbi tena maisha yangu yote, naapa."

Mukasine alikuwa ameketi ndani ya maji, mguu wake unavimba. Alimshika Estelle mkono kwa nguvu.

"Acha hiyo muti! Unataka kwenda kujificha kule chini? Sababu unasikia haya? Haya yako itafikisha Emérita Kitshanga? Hapa hakuna muntu mwingine anajua kutangulia. Futa machozi, uende mbele. Na ile macho yako, uiweke chini."

"Mama, mimi njo nimemuangusha."

"Niliona. Sasa umufikishe." Kisha akamgeukia Jean-Claude, aliyekuwa amesimama ukingoni hajui ashike nini. "Na weye, Papa. Hiyo simu iko na bega?"

Jean-Claude aliitia simu mfukoni na kuingia chini ya mwanzi. Mmoja wa wanawake akabaki na Mukasine, wengine wakainua.

Estelle alisimama mbele ya wale watu. Alikuwa na aibu ya kumfanya mtu atamani ardhi imfunike. Aliomba, ombi fupi lisilo na mapambo: Mungu wangu, nipe macho. Kisha akaanza. Maji! Maji, wakaitikia. Jiwe kuume! Kuume.

Njia ile ni ndefu, na siku hiyo ilikuwa ndefu zaidi. Estelle hakugeuka tena. Aliimba mizizi, aliimba matope, aliimba mteremko na kona, na mahali ambapo njia ilikuwa nzuri aliimba kwamba njia ni nzuri, ili waliobeba wapumzishe hofu. Jua lilipopanda sauti ilianza kukatika. Kule juu, mahali sauti yake ilipopenda kwenda kuchezacheza, hapakuwa na kitu tena. Ikabaki ya chini tu, ya kukwaruza, kama ya vile vikongwe. Akaitumia hiyo. Ilimjia fikra katikati ya njia, ikamkasirisha kwa jinsi ilivyokuwa wazi. Mchungaji alimwambia sauti ni ya Mungu, Jean-Claude akamwambia ni yake, na yeye akabishana na mmoja na kumkubali mwingine, wala hakuuliza Mungu aliitoa ili impate nani. Leo ilikuwa ya Emérita. Kila neno. Asingeweza kuiba hata moja.

Akaongeza mwendo. Hatalala njiani mtu huyu, alijiambia, hata kama nitabaki bubu.

Walifika Kitshanga wakipita katikati ya soko, ng'ombe na pikipiki zikiwapisha, na Estelle bado anaimba, ingawa aliyekuwa mbali kidogo angeona mdomo tu unacheza. Hospitalini walimpokea Emérita mbiombio. Mtoto alitolewa akiwa hai, msichana, mweusi kwa hasira, analia kuliko kwaya nzima. Mkono wa mama ulipigwa plasta. Wanawake waliketi chini uwanjani na kucheka na kulia kwa pamoja, na Jean-Claude akalala chali kwenye nyasi, bega lake limechubuka mpaka nyama.

Kesho yake alimfuata Estelle uwanjani. Alikuwa amenawa, ameazima ndala, na simu ilikuwa mkononi tena.

"Dada, kuja uone kitu." Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani. "Nimeikata mbele ya ile fasi mulianguka, pale kwenye kijito. Haionekane kabisa."

Estelle alitazama. Ukungu, mlima, uso wake unang'aa kweli, na ile sauti ikipanda. Ilikuwa nzuri. Asingejidanganya, ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote alichowahi kufanya, na moyo wake uliruka kwa tamaa kama zamani. Aliitazama tena. Kisha akaichukua simu, akaingia nayo wodini kwa Emérita, Jean-Claude akimfuata.

Emérita aliangalia mpaka mwisho, mtoto akiwa kwenye mkono mzima, plasta juu ya shuka.

"Uko muzuri," alisema. "Kweli, uko muzuri sana." Akaitazama tena simu. "Na miye niko wapi?"

Hakuuliza kwa kinyongo, aliuliza tu. Katika video nzima hapakuwa na Emérita. Palikuwa na kipande cha blanketi nyuma ya bega la Estelle.

Walipotoka nje Estelle alimrudishia Jean-Claude simu.

"Futa," alisema. Sauti ilitoka kama upepo wa mlango mbovu.

"Dada! Patron hatakubali kukupokea bila hii. Ameshaniambia, video ao hakuna kitu. Hii njo mulango yako, hautafunguka tena. Unajizimisha weye mwenyewe!"

"Ngoja nikuulize. Jana ulikuwa chini ya muti ya kipoyi. Tangu kijito mpaka hapa. Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Sauti yangu ilikuwa muzuri?"

Jean-Claude alishika bega lake lililofungwa bandeji. Alikuwa kijana mwenye kazi ya kusikiliza sauti za watu na kusema ipi nzuri, na sasa alifikiri, kwa sababu swali lilikuwa la haki.

"Sijui," alisema hatimaye. "Kweli, vreman, sijui. Sikuisikiliza vile. Ukisema jiwe, nilitafuta jiwe. Ukisema maji, niliinua muguu. Niliogopa nisimuangushe ule mama."

"Njo vile nataka kusikilizwa," Estelle alisema. "Futa."

Jean-Claude aliitazama ile video kwa mara nyingine, bila kuifungua. Kisha kidole chake kikashuka.