Mbwa wa Kinyozi

Nilikuwa peke yangu kliniki, nikizipanga upya dawa nilizokwisha kuzipanga, mlango uliposukumwa na mtu nisiyemjua. Alikuwa kinyozi, amembeba mbwa aliyefungwa kitambaa cha kunyolea shingoni. Harufu iliwatangulia: soksi mbichi, na juu yake manukato ya kupaka baada ya kunyoa ndevu.

"Daktari, huyu mwanangu ananifilisi."

Mbwa alishinda akijikuna mbele ya wateja. Walipoona mabaka mwilini mwake wakadai yametoka kwenye mashine ya kunyolea na yatawapata wao pia, wakahama. Mke wa kinyozi naye alishatamka: mbwa apone mwezi huu, au aende kwa shemeji, ambaye mbwa wake hawajui maisha bila mnyororo.

Nilichukua uchafu wa masikioni, nikautazama kwa darubini. Fangasi tele. Nikamuuliza anampaka nini. Mafuta ya nywele, akajibu kwa fahari, asubuhi na jioni. Nikamweleza kwa upole kwamba hapo alikuwa anawapikia fangasi, maana hawa hupenda mafuta. Huishi kwenye ngozi ya mbwa siku zote. Safari hii wamezidi tu, na wateja hawana cha kuogopa.

"Waambie wao. Nani atakaa kwenye kiti changu?"

"Akipona, nitakaa mimi."

Nywele zangu nilizifuga tangu chuo. Mchumba wangu alizipenda kuliko shahada yangu.

Shampuu ya dawa ilitakiwa ikae dakika kumi kabla ya kusuuzwa, na mbwa alitimka na povu lote. Kinyozi akamrudisha kwenye beseni, akamfunga kitambaa, akaanza kumsimulia mpira na kumuuliza kama kisogoni apunguze. Mbwa akatulia kama mteja wa miaka mingi. Wakaendelea hivyo, mara mbili kwa wiki, hadi harufu ikaisha na manyoya yakaanza kuota.

Siku niliyokwenda kumkagua pale kinyozini, wateja wa zamani walikuwa wamesimama nje wakichungulia, hakuna anayeingia. Mke wa kinyozi alikuwa ameshika mnyororo. Kesho yake mimi na mchumba wangu tulikuwa tupigwe picha za uchumba. Kinyozi aliposikia, akaninong'oneza kwamba nisijali, nikighairi yeye ataelewa.

Nikaketi. Mbwa akajilaza juu ya viatu vyangu.

"Nipunguze kidogo tu, daktari?"

"Nyoa zote," nikasema, kwa sauti ya kufika hadi nje.