Ngitili Ndani ya Ramani

Hivi wewe, ukiukata mlima kwa upana vipande vipande, kama unavyokata mkate, ukapima kila kipande kina eneo kiasi gani, ukajua nusu ya bonde iko juu ya kimo gani na robo yake juu ya kimo gani, utathubutu kusimama mbele ya watu na kuwaambia hameni? maana ndicho anachokifanya huyu Bwana wa Ardhi, Mzungu wa Serikali, hapa ndani ya ghala la pamba, soksi zimepanda hadi magotini, mkononi ameshika mchoro wangu, wangu mimi, mstari niliouchora kwa penseli yangu nikaufuta mara sita, mimi Mihayo, B.A. Geography, Makerere, mtoto wa kijiji hiki, ambaye leo nimekalia gunia la pamba, mwezi wangu wa nane bila kazi, na sisikii kitu, wala hasira wala haya, miguu imekufa ganzi na ganzi imepanda mpaka kifuani ikajiketisha kama mkwe... "This basin is in its old stage," anasema, na Pantaleo, karani wake, shati limepigwa pasi mpaka linakata, anatugeuzia kwa Kiswahili, "Bwana anasema bonde lenu limezeeka, limechoka," na Mzee Januari, jirani yetu, kutoka nyuma kule, "Limechoka? Kwani lilikwenda wapi?" watu wanacheka, Bwana naye anatabasamu, very good, anadhani wamekubali... miezi miwili nilipanda na kushuka na kile kisanduku chenye saa inayopima uzito wa hewa na kukuambia kimo ulichopo, asubuhi juu kwenye majabali, mchana kwenye mashamba ya mtama, jioni kule chini mbugani kwenye udongo mweusi unaovua watu viatu, nikaandika vimo, nikachora mistari ya vimo, nikahesabu miraba kwenye karatasi mpaka macho yakatoa machozi, na kanuni yake ni nzuri, nasema kweli, ni nzuri kama uso wa mtu, bonde changa lina nyama mabegani, ardhi yake nyingi bado iko juu, mstari unatuna, na bonde kuukuu nyama yote imeshuka miguuni, mstari umebonyea kama tumbo la njaa, na langu lilitoka ishirini na saba kwa mia tu ya ardhi iliyobaki bila kushuka, limebonyea, limekwisha, nikaipeleka ripoti ofisini kwao Shinyanga mjini kwa baiskeli, "Thank you, Mihayo, we shall write to you," wakaandika kweli, ila si kwangu, wakawaandikia wazee wa kijiji kwamba ng'ombe wamelimaliza bonde, kaya arobaini zihamie Geita kabla ya mvua, ng'ombe wapunguzwe nusu... "Na huko Geita," anauliza Mzee Januari, "si ni pori la mbung'o?" "Limefyekwa, mzee," anasema Pantaleo, "halafu kule kuna dhahabu," "Ng'ombe wangu halambi dhahabu, mwanangu, analamba chumvi," wanacheka tena, na mimi nacheka, mdomo unacheka peke yake... kwanza ng'ombe, ng'ombe gani? mstari ule hauzungumzii ng'ombe, unazungumzia mvua za miaka elfu na elfu, kabla mtu hajafunga zizi lolote hapa, ni kama umkute bibi ana mvi ukamkamata mjukuu ukasema wewe ndiye umemzeesha, lakini hilo nalisema kichwani tu, kichwani mimi ni profesa... "Mageni, mke wa marehemu Lutema!" anaita Pantaleo, na huyo ni mama yangu, wamemwita wa kwanza, kwa makusudi, akitia kidole kwenye fomu ya kuhama yeye ambaye mwanawe ndiye aliyepima, nani atakataa, anainuka, anajishika kiuno, anapita mbele yangu, anasimama, "Shikamoo mayu," nasema, kama vile hatukulala nyumba moja, "Marahaba. Baba, ni wewe uliyepima?" "Ni mimi." "Ulipima yote?" "Yote, mayu." "Basi," na hiyo basi yake, laiti angenitukana, laiti angenipiga kofi kama siku ile nilipopoteza ndama, basi, akaenda mezani... yote, nilipima yote, na hapo ndipo penyewe, nilipima hata pasipokuwa petu, yaani ni petu, ni ngitili ya baba, yale malisho tunayoyafunga masika nzima ng'ombe wasiyaguse ili kiangazi majani yakiisha kwingine wapate pa kushika roho, mbuga pana karibu sawa na bonde lenyewe, lakini iko ng'ambo, upande wa pili wa ule mgongo mdogo wa ardhi ambao mgeni hauoni hata akiukanyaga, na niliujua, nilikuwa na miaka tisa, mvua inapiga, mama ana mzigo wa majani kichwani, akasimama pale juu akanionyesha kwa mguu, "Tazama, ng'wana wane, hapa maji yanaachana, haya yanakwenda kwetu, yale yanakwenda kwa watu," mwanamke asiyejua kusoma alinipa somo zima la mpaka wa bonde kabla Makerere haijanipa, bonde ni pale maji yanapokusanyikia, finish, na mimi nikiwa na kalamu mkononi nikaupitisha mpaka nje ya ngitili, nikaizungushia ndani, kwa sababu niliogopa, nilijua jinsi watu hawa wanavyosoma ramani, kisichochorwa hakina mwenyewe, nikasema nikiiacha nje ya mstari kesho wataweka bango la Serikali, kwa hiyo nikailinda, ndiyo, nikailinda ngitili ya baba yangu, nikaongeza uwanda mzima wa ardhi ya chini kwenye bonde lisilo lake, na ardhi ya chini ikiwa nyingi mstari unabonyea, hata mtoto wa darasa la pili... asubuhi hii nimepiga hesabu tena kwenye karatasi ya sukari, ngitili nje, nikapata arobaini na sita, bonde la makamo, lina nguvu zake, mtu mzima tu anayefanya kazi, nikaikunja karatasi nikaiweka mfuko wa shati, hiyo hapa, inakwaruza, naye Pantaleo alinishika mkono mlangoni, "Mwalimu, leo ukae kimya, Bwana ana nafasi ya mpimaji Geita, ametaja jina lako mara mbili, usiharibu," mwalimu! sijawahi kumfundisha mtu kitu, na tangu aliponiambia ndipo ganzi ilipoanza, sasa naelewa, haikuwa njaa, ni mimi nilikuwa naanza kukubali, kidogo kidogo, kimya kimya, nilishajiona Geita nimevaa kofia, nawapimia viwanja watu niliowahamisha mwenyewe, mama yangu nampimia kiwanja porini na yeye ananishukuru... "Hapa, mama, kidole gumba," anasema Pantaleo, na mama amekichovya kwenye wino, amekishika mbali na kanga asiichafue, hajakiweka bado, ananitazama, hanitazami kwa kuniomba, ananitazama tu kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kufunga kamba ya kiatu ili waondoke, na Bwana anatazama saa, na mimi mguu umeanza kuchoma, sindano, sindano nyingi, damu inarudi kwa maumivu yake yote, nainuka, nasema kwa sauti, ndiyo nilikosea, nasema mbele ya wote kwamba mwana wa Lutema alikosea mpaka wa bonde na yeye si mjinga, alijua, na nafasi ya Geita mpeni mwingine, lakini nikishasema langu na nyinyi mseme lenu, wewe Bwana uliyeshika karatasi, na nyinyi mliomtuma mlioko maofisini, ondoeni fomu hiyo mezani, mwacheni mama yangu anawe mkono, kisha uniambie ni ukurasa gani wa ripoti yangu ulioandikwa neno ng'ombe, nani aliliandika, na nani alikuambia kwamba mstari wa penseli unaweza kumtoa mtu nyumbani kwake, jibu sasa, simama hapo hapo ujibu kwa Kiswahili, wewe mwenyewe, na Pantaleo anyamaze.