Skrubu za Dada

Fundi hakuumbwa kukaa. Hata kwenye cherehani, kazi ambayo watu wameifanya wamekaa tangu dunia iwe dunia, yeye alishona pindo moja akainuka kuchungulia mlangoni, akashona la pili akaenda kuchemsha maji ambayo hakuyanywa. Kwa hiyo majirani walipomwona ameweka katikati ya duka gita lenye miguu minne, gita la kulazwa kama meza na kupigwa mtu akiwa amekaa kitako, walijiandaa kucheka.

Gita lilikuwa la dada yake. Tuseme ukweli, lilikuwa la bendi, ila dada alilipiga kwa miaka ishirini na miwili, hadi watu wakasahau kwamba lina mwenyewe mwingine. Dada alifariki mvua zilipoanza. Zilipokatika, Mzee wa Besi, kiongozi wa bendi, alikuja dukani akasema kwa upole kwamba amepata mpigaji mpya, mwalimu wa muziki, na angependa kuja kulichukua.

"Mpigaji mnaye," Fundi alisema. "Ni mimi."

"Wewe? Umewahi kupiga nini, mwanangu, zaidi ya mluzi?"

"Nipe wiki tatu tu, Mzee."

Mzee alikuna kidevu. Huenda alimwonea huruma, huenda alitaka tu yaishe. "Wimbo mmoja," alisema. "Ule wa polepole tunaofungia dansi. Ukiupiga mpaka mwisho bila kuinuka, gita ni lako na kiti ni chako. Ukishindwa, Jumamosi hiyo nalipakia kwenye gari."

Fundi alikubali papo hapo, maana gita likiondoka ndiyo basi tena. Picha za dada alikuwa nazo, nguo zake zilijaa kabati. Lakini sauti yake ilikuwa ndani ya gita lile, hasa ile noti moja iliyopanda kama mtu anayetaka kulia akajizuia. Rekodi za simu zilikuwa na makelele ya watu kuliko muziki. Akilipoteza gita, angeisikia wapi tena?

Sasa msikilize alivyoharibu. Siku ya kwanza kabisa, kabla hajagusa hata uzi mmoja, alilipindua gita miguu juu alikague, kama anavyokagua cherehani yoyote inayoingia dukani kwake. Chini kulikuwa na vyuma vyembamba vilivyounganisha pedali tatu na nyuzi kumi, na ubavuni safu ya skrubu ndogo. Skrubu zimelegea! Nyingine zilicheza ukizigusa kwa kidole tu. Kwa fundi cherehani hiyo ni aibu. Skrubu ikicheza, leo mashine inaruka mshono, kesho inavunja sindano. Akachukua bisibisi akazikaza zote, moja baada ya nyingine, mpaka zikagoma. Akatia mafuta. Akafuta kwa kitambaa safi. Alijiona amemfanyia dada jambo la maana.

Kisha akavaa kucha za chuma kwenye vidole vya mkono wa kulia, akashika kile kipande cha chuma cha kutelezesha juu ya nyuzi kwa mkono wa kushoto, akaweka mguu kwenye pedali. Mguu ukafanya uliyoyazoea, taka-taka-taka, kana kwamba kuna shati la kumaliza. Gita likapiga ukelele wa kutisha. Kinyozi wa duka la pili alitokea mlangoni na mashine yake ya kunyolea mkononi.

"Jirani, huyo mbuzi mchinje basi, anateseka."

"Rudi kwako, mteja wako ana nusu kichwa."

Alinunua kitabu. Kilijaa herufi, mistari na vijialama vyenye mikia, akakisukumia chini ya kabati. Akachukua futi ya kupimia nguo na chaki, akajichorea njia yake kwenye gita, chini ya nyuzi: bluu hapa wimbo unaanza, nyeupe hapa unapumzika, msalaba hapa dada alikuwa akifumba macho. Akapiga, akainuka, akazunguka meza ya kukatia, akarudi, akapiga. Wiki ya pili vidole vilishajua njia. Ila sauti ilikuwa mbaya. Kila alipokanyaga, noti ilipita pale alipoitaka, ikaenda kulia huko juu peke yake.

Alilaumu masikio yake. Alilaumu mguu. Moyo haukutulia na mikono nayo haikutulia. Alimkatia mteja shati lenye mikono miwili ya kushoto, na mteja alipolirudisha, Fundi alibisha kwa dakika nzima kabla ya kukiri.

Alhamisi mchana, zikiwa zimebaki siku mbili, aliondoa mguu kabisa akapiga nyuzi zikiwa tupu. Zilikuwa zimepanda tayari. Hakuna aliyekanyaga kitu, na zimepanda! Akalipindua gita, akailegeza skrubu moja kidogo, uzi ukashuka. Akalegeza ya pili, uzi mwingine ukashuka. Dada alizilegeza zile skrubu kwa kipimo, kila moja kwa sikio lake, miaka ishirini na miwili, na yeye amevifuta vipimo vyote kwa nusu saa akiwa anaimba. Fundi alikaa sakafuni akalia kwa sauti mpaka kinyozi akaja, na safari hii kinyozi hakutania.

Ijumaa alikivuta kitabu kutoka chini ya kabati. Herufi za noti alizinakili kama vipimo vya mteja asiyemjua, kinyozi akashika simu yenye programu ya kupima sauti, na kila taa ya kijani ilipowaka Fundi aliiacha skrubu akaenda kwenye nyingine. Jioni gita lilitoa sauti safi, imenyooka kama suruali iliyotoka kupigwa pasi.

Jumamosi Mzee alikuja na gari. Fundi alikaa, akafuta jasho la viganja, akaupiga wimbo wote, wa polepole, mpaka mwisho. Hakuinuka hata mara moja.

"Sawa kabisa," Mzee alisema. "Ahadi ni ahadi. Gita ni lako."

"Mbona uso wako hausemi hivyo?"

Mzee alitazama kofia yake. "Sikumsikia dada yako, mwanangu. Basi tu."

Ndipo Fundi alipomwaga yote, bisibisi, mafuta, taa ya kijani. Mzee alianza kucheka, kisha akaacha.

"Dada yako hakuwahi kuwa sawa," alisema. "Ile pedali ya katikati, noti yake ilikuwa haifiki. Inaishia njiani. Nilimgombeza sana mwanzoni. Akanionyesha goti la kushoto, haliwezi kusukuma mpaka chini. Kwa hiyo akailegeza skrubu yake, akaifupishia safari. Na sisi wengine tukawa tunanyamaza pale, sauti zetu zisigongane na yake."

Goti lile Fundi alilijua, na alijua lilikoharibikia. Mama yao alipofariki Fundi alikuwa na miaka sita. Dada, msichana wa miaka kumi na saba, alikalia cherehani ya kukanyaga, akaikanyaga kwa miaka kumi na mmoja, asubuhi mpaka jua lizame, ili mdogo wake asome, ashibe, avae viatu. Alipoinuka pale, goti halikunyooka tena. Nyumbani hawakuwahi kulizungumzia.

Fundi alichukua bisibisi.

"Kiasi gani, Mzee?"

"Sijui. Mimi napiga besi."

Akailegeza kidogo skrubu ya pedali ya katikati, akakanyaga, akapiga.

"Bado," Mzee alisema.

Akalegeza tena.

"Bado."

Akalegeza kidogo sana, kiasi cha unene wa uzi, akakanyaga. Noti ikapanda, ikakaribia, ikakoma kabla ya kufika. Mguu wake mzima ulitaka kuisukuma imalizie, lakini pedali ilishagota. Mzee hakusema bado. Alikuwa ameziba mdomo kwa kofia.

Fundi alipiga tena palepale.

"Shikamoo, dada," alisema.